Kioo cha mbele kimepata ufa na baridi ndo imekolea: namna ya kukiokoa hatua kwa hatua

Kila ikifika mwezi wa sita maswali ni yale yale, iwe Njombe, Makete, Mafinga au Mbeya mjini. Mtu kaziba ufa wa kioo cha mbele Jumamosi, Jumatatu alfajiri anawasha gari, anafungulia hita mpaka mwisho, na kabla hajatoka getini ufa ushatembea hadi pembeni. Afu lawama zinaenda kwa gundi, eti feki.

Gundi feki zipo, sikatai. Ila wengi waliokwama wameziba ufa wenye maji ndani yake, kioo kikiwa cha baridi, na baada ya hapo wakakipiga joto la ghafla. Kwa hiyo humu nitarudia vitu viwili mpaka unichoke: kioo kikauke, na joto lije polepole.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usianze kazi ukiwa na nusu ya vitu, mana gundi ikishaingia huwezi kuiacha ukimbilie dukani.

- Seti ya kuziba ufa wa kioo cha gari. Ndani yake kuna kichupa kidogo cha gundi maalumu inayokaushwa na mionzi ya jua, kishikizo chenye mipira ya kunyonya kioo, bomba dogo la kusukumia gundi, vipande vya plastiki nyembamba na wembe. Angalia tarehe ya mwisho kwenye kichupa, na kama gundi imeshaganda au imekuwa ya njano, iache dukani.
- Seloteipu pana inayoonyesha.
- Spiriti ya duka la dawa na pamba au kitambaa kisichotoa nyuzi.
- Pini au sindano ya kushonea, na brashi ndogo kavu.
- Maka peni na rula.
- Draya ya saluni, ya kuazima inatosha.
- Boksi kubwa au turubai la kufunikia kioo usiku.
- Kioo kidogo cha kujitazamia.

Supa gluu haipo kwenye orodha na haitakuwepo. Najua kuna fundi atakwambia "bosi, hapa nakupigia supa gluu inakaa fasta", na kweli inakaa, ila inakauka ikiwa ngumu na ya kuvunjika, inaweka weupe, na ikishaingia kwenye ufa gundi yenyewe haipiti tena. Dawa ya meno na rangi ya kucha nazo ziache zikae bafuni.

## Hatua ya 1: Jiwe likishapiga, funika hapo hapo

Umempita Fuso, kokoto imeruka, paa! Tafuta sehemu salama usimame. Usipapase kwa kidole, usimwage maji ya wipa, usifute. Kata kipande cha seloteipu, kibandike juu ya alama kwa nje.

Sababu ni kwamba ufa mpya ni mkavu na msafi, na ufa wa namna hiyo ndo unaozibika vizuri kuliko wote. Ukiuacha wazi, vumbi la barabara linaingia, umande wa usiku unaingia, na maji ya sabuni ya wipa yanaacha utelezi ambao gundi haiushiki.

Kama una tabia ya kubeba seloteipu kwenye dashibodi, wewe umeshashinda nusu ya kazi.

## Hatua ya 2: Pima, ni wa kuziba au wa kubadilisha

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja na plastiki katikati. Jiwe kwa kawaida linapasua kioo cha nje tu. Hivyo vya milangoni ni vya aina nyingine, vikipasuka vinamwagika punje punje, havizibwi.

Pitisha kucha kwa nje juu ya alama, halafu pitisha kwa ndani. Kwa nje ikikwama na kwa ndani ikateleza, kioo cha ndani ni kizima, endelea. Ikikwama pande zote mbili, acha, hicho ni cha kubadilisha.

Sasa chukua rula. Alama ya jiwe yenye upana wa sentimita 2 na nusu hivi inazibika. Ufa mrefu, kwa mtu anayefanya mwenyewe nyumbani, usizidi sentimita 15. Ufa uliofika ukingoni mwa kioo usihangaike nao, pembeni ndo kioo kimebanwa zaidi na hata ukijaza gundi utaendelea tu. Na kama alama iko mbele ya macho ya dereva, mpe fundi anayejua aamue, mana hata ikizibwa vizuri inabaki kivuli kidogo kinachowaka taa za lori zikija usiku.

Ukimaliza kupima, kwa ndani ya kioo weka kanukta ka maka peni mwisho wa kila mguu wa ufa. Ufa ukivuka nukta utajua unatembea, hutakuwa unabahatisha.

## Hatua ya 3: Lilinde gari mpaka siku ya kuziba

Hapa ndo wengi wanapoteza kioo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kioo kikipata joto kinatanuka, kikipata baridi kinasinyaa. Hilo halina shida kama kioo kizima kinatanuka kwa pamoja. Shida ni pale hita inapopuliza moto chini kabisa, karibu na dashibodi, wakati juu na nje kioo bado kina barafu. Chini inavuta huku, juu inakataa, na ufa uliopo unakuwa njia rahisi ya kuachilia hiyo nguvu. Ukikaa ukautazama utauona mguu wa ufa unasogea kidogo kidogo kimya kimya, na wakati mwingine kwa mlio mmoja mkavu, tak, tayari umeongezeka shubiri.

Maji yaliyojificha ndani nayo yana lao. Yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na kwa usiku wa Kitulo au Makete mwezi wa sita hadi wa nane, ile barafu nyeupe inayounguza viazi shambani ndo hiyo hiyo inayofanya kazi ndani ya ufa wako.

Usiku: funika kioo cha mbele kwa boksi au turubai, libane na milango lisipeperuke. Ukiwa na banda, ingiza gari ndani hata kama banda halina mlango, ilimradi anga lisiwe wazi juu ya kioo.

Asubuhi: washa gari, weka feni namba ya chini kabisa, hewa ikiwa ya baridi bado. Baada ya dakika kama tano ongeza joto kidogo, subiri, ongeza tena. Yani unapanda ngazi. Ukungu wa ndani ukikusumbua fungua hewa ya nje iingie, usizungushe ile ile ya ndani iliyojaa pumzi za abiria, na AC ikiwepo iwashe, inakausha hewa hata kama ni kipindi cha baridi.

Barafu ya nje ikwangue na kadi ya plastiki ya zamani, ukiruka sehemu ya ufa. Au changanya spiriti vipimo viwili na maji kipimo kimoja kwenye chupa ya kupulizia, puliza, subiri iachie yenyewe, ila sehemu ya ufa iwe imefunikwa na seloteipu, na usifanye hivyo huku mtu anavuta sigara pembeni.

Onyo la kwanza: usimwage maji ya moto kwenye kioo. Hata ya uvuguvugu. Kuna watu wanasema "mimi kila siku namwaga na hakuna kitu", kioo chao hakina ufa, cha kwako kinao.

Onyo la pili: usiweke jiko la mkaa ndani ya gari ili kupasha kioo. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukushtua na inaua mtu akiwa amesinzia. Hili silisemi kwa utani.

Safari za kupanda na kushuka zinahitaji akili pia. Ukitoka Kyela kwenye joto ukapanda Tukuyu, Kiwira mpaka Isyonje, au ukitoka Ruaha Mbuyuni ukapandisha Kitonga kwenda Iringa, kioo kinahama kutoka joto kwenda baridi ndani ya safari moja. Zima AC ya ubaridi mapema, shusha kioo cha dirisha kidogo, ukifika juu usikimbilie hita. Na ukae mbali na malori, mana jiwe la pili linaweza kuja kumalizia kazi ya la kwanza.

## Hatua ya 4: Chagua siku na saa

Gundi hii ikiwa kwenye baridi inakuwa nzito kama asali ya jana, haiingii kwenye nyufa nyembamba. Kioo kikiwa cha moto sana nako inakimbia na ufa unajibana. Unataka kioo ambacho ukikigusa kwa mgongo wa mkono hakikushtui, si kwa baridi wala kwa moto.

Nyanda za juu wakati wa kipupwe, muda mzuri ni kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 8 mchana, siku ya jua. Baridi ya kwetu inadanganya, unatetemeka lakini jua la mlimani lina mionzi mikali, na mionzi ndo tunayoihitaji.

Ila kujaza gundi fanyia kivulini. Jua likiiona gundi kabla haijafika mwisho wa ufa itaganda njiani na hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo tafuta sehemu yenye kivuli ambapo ukisukuma gari mita chache tu unafika juani.

Watu wa Tukuyu na Rungwe kwa jumla, ambako mvua na ukungu havina adabu, msilazimishe. Subirini siku nzuri, au azimeni ile taa ya saluni ya kukaushia kucha za jeli, mionzi yake ni ya jamii hiyo hiyo, japo itachukua muda mrefu zaidi na fundi wa saluni ataisubiri taa yake.

## Hatua ya 5: Kausha mpaka uamini

Usioshe gari siku hiyo wala siku iliyotangulia. Likishalala bandani, asubuhi toa seloteipu taratibu.

Chukua draya, weka joto la chini, ipulize kutoka ndani ya gari, umbali wa sentimita 30 hivi, ukiizungusha eneo pana bila kuganda sehemu moja. Dakika chache, pumzika, rudia. Tunapuliza kwa ndani kwa sababu joto linapita kioo kizima na kusukuma unyevu utoke nje.

Utajuaje umekauka? Ufa wenye maji unaonekana mweusi mweusi au umefifia, na ukiubonyeza kidogo kwa kidole kutoka ndani unaona kitu kinatembea humo. Ukikauka miguu ya ufa inang'aa kama fedha ukitazama kwa ubavu. Bado hujaona huo mng'ao, bado hujamaliza.

Baada ya draya acha kioo kipoe chenyewe. Usianze kikiwa cha moto.

## Hatua ya 6: Toa vipande vilivyolegea

Kwa ncha ya pini toa unga wa kioo na vipande vidogo kwenye tundu la jiwe. Kidogo tu, hatuchimbi kisima. Puliza kwa mdomo? Hapana, pumzi ni mvuke. Tumia brashi kavu.

Futa kuzunguka tundu kwa pamba yenye spiriti iliyokamuliwa, ili mipira ya kishikizo inate. Isichuruzike ndani ya ufa, na ikiingia subiri ikauke yote.

## Hatua ya 7: Sukuma gundi

1. Bandika kishikizo ili katikati yake pakae juu kabisa ya tundu la jiwe. Weka kile kioo cha kujitazamia ndani ya gari juu ya dashibodi, kitakusaidia kuona upande wa pili bila kupanda na kushuka. Ukikosea hata milimita tatu gundi itazunguka nje.

2. Zungusha bomba lishuke mpaka mpira wake uguse kioo na kujaa vizuri. Usikaze sana, kioo chenye ufa ukikibana unauongeza mwenyewe kwa mikono yako.

3. Weka matone matatu hadi matano ya gundi, kisha zungusha kijiti cha kusukumia, polepole.

4. Sasa subiri. Hiki ndo kipande kinachowashinda watu, wanataka kuona matokeo papo hapo. Tazama miguu ya ufa, ile ya fedha itaanza kupotea kuanzia katikati kwenda nje, kama imefutwa. Wapi pamebaki pa kung'aa, pana hewa.

5. Baada ya dakika tano mpaka kumi, legeza kijiti ili hewa iliyonaswa itoke, utaona vipovu vinapanda. Kaza tena. Rudia mpaka vipovu viishe. Fuata pia dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ya seti yako, mabomba hayafanani.

6. Mguu mmoja ukigoma kujaa, nenda ndani ya gari, bonyeza kwa kidole gumba taratibu nyuma ya mguu huo kisha achia, mara kadhaa. Ufa unafunguka na kujifunga, gundi inavutwa.

Kama ni ufa mrefu usio na tundu, gundi inadondoshwa juu ya mstari wenyewe ukianzia ncha ya mwisho kurudi lilikopiga jiwe, mtu mwingine akibonyeza kutoka ndani. Hapa unahitaji msaidizi mwenye subira, sio yule anayeuliza kila dakika kama tumemaliza.

Mafundi wazoefu huwa wanatoboa katundu kadogo mwisho wa ufa ili usiendelee. Wewe na drili yako ya kutobolea mbao msijaribu, tofauti ya kutoboa kioo cha nje tu na kuharibu vyote viwili ni ndogo mno.

Ikifaulu unaona hivi: ukisimama ubavuni huoni miguu, unaona doa dogo tu pale jiwe lilipogonga. Ukiona bado kuna mistari ya fedha, rudi namba 5, usikimbilie juani.

## Hatua ya 8: Peleka juani

Toa kishikizo, dondosha tone moja juu ya tundu, funika kwa kile kipande cha plastiki nyembamba, kandamiza kwa kucha povu lisibaki chini yake.

Sukuma gari kwa mikono hadi juani, bila kuwasha injini, bila kupigiza mlango. Jua kali, dakika 15 hadi 20. Mawingu mepesi, ipe saa nzima. Geuza gari ili jua lipige kioo kwa nje moja kwa moja, kwa sababu ile plastiki ya katikati ya kioo inazuia sehemu kubwa ya mionzi, kwa hiyo kumulika taa kutoka ndani ni kujisumbua.

## Hatua ya 9: Wembe

Ondoa plastiki. Gundi iliyobaki juu ikwangue kwa wembe uliosimama wima kabisa. Ukiulaza utachimba gundi ndani ya tundu. Pitisha kucha, iteleze bila kukwama. Pakiwa na kashimo, ongeza tone, plastiki, jua tena.

## Hatua ya 10: Saa 24 za mwanzo

Usioshe gari. Usitumie hita kali. Milango ifungwe kistaarabu, dirisha moja likiwa wazi kidogo, mana mlango ukipigizwa gari likiwa limefungwa hewa yote inasukuma kioo. Makorongo ya barabara ya vumbi yasubiri. Usiku ule boksi lako lirudi juu ya kioo.

Nukta za maka peni ziache wiki nzima. Ufa ukibaki nyuma ya nukta baada ya asubuhi kadhaa za baridi, kazi imeshika. Ukivuka, usijaze tena juu yake.

## Kama ni wa kubadilisha

Kabla ya kutoa hela, soma bima yako. Bima kubwa nyingi zinagusa kioo cha mbele, ile ndogo haikuhusu wewe bali uliyemgonga. Piga picha ufa na uulize kwanza, usibadilishe ndo uulize.

Kioo kikiwa cha mtumba, tafuta maandishi pembeni yanayoonyesha ni cha matabaka, na kagua kingo zote kwa kidole chenye kitambaa. Kilichotolewa kwa kulazimishwa kwenye gari bovu huwa na vijeraha kingoni, na kwenye baridi ya Makambako hivyo vijeraha ndo nyufa za mwezi ujao.

Magari kama Land Cruiser za zamani kioo kinashikwa na mpira, hizo hazina mjadala mrefu. Lakini IST, Premio, Noah na wenzake kioo kinabandikwa kwa gundi nyeusi, na kwenye gari lenye eabegi ya abiria kioo hicho ndo kinaiegemeza inapofumuka. Silikoni ya madirisha ya nyumba haitakiwi hapo, fundi akiitoa mfukoni mshukuru uondoke.

Gundi nyeusi inakauka kwa kutumia unyevu wa hewani, kwa hiyo kwenye baridi kavu ya mwezi wa saba inachukua muda mrefu kuliko fundi anavyokuahidi. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye tyubu, uombe uione, na hesabu ule wa hali ya baridi. Seloteipu alizobandika pembeni zikae mpaka kesho yake, afu mwagia maji taratibu kwa juu huku mtu amekaa ndani na tochi akikagua kona za juu na chini ya dashibodi. Tone likiingia, gari linarudi kwa fundi siku hiyo hiyo kabla hujamlipa hela iliyobaki.